Gari la familia Gusii: Barabara ya nyumbani ndiyo mshauri wa kwanza

KATIKA kaunti za Kisii na Nyamira, mwezi wa Oktoba ni mwezi wa mipango mikubwa. Ni wakati ambapo wakulima wa majani chai wanaopeleka mazao yao katika viwanda vilivyo chini ya KTDA hupokea malipo ya mwisho wa mwaka, maarufu kama bonasi, na si ajabu sehemu ya fedha hizo kuishia katika yadi za magari. Mwalimu huongezea mkopo wa chama cha akiba, mwana aliye ng'ambo hutuma alichojaliwa, na familia ambayo kwa miaka mingi imetegemea matatu na bodaboda huanza kuzungumzia gari lake yenyewe.

Gari linalotajwa kwanza aghalabu huwa saluni, yaani gari la milango minne, viti vya watu watano na buti iliyojitenga nyuma. Huwafikisha watoto shuleni bila kunyeshewa, humpeleka mgonjwa hospitalini usiku wa manane, na huwafaa jamaa wanaofanya kazi Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Keroka, Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu.

Hata hivyo, gari lililochaguliwa vibaya laweza kumeza karo ya muhula mzima. Wengi hukusanya fedha za kununua pasipo kutenga za kutunza, na huchagua kwa kufuata jina na mng'aro wa rangi. Katika nyanda za Gusii, swali la kwanza lafaa kuwa jingine: je, gari hili litafika nyumbani mwezi wa Aprili, likiwa limejaa watu, na mvua imenyesha tangu alasiri?

Miinuko na hewa nyepesi

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kadhaa za Nyamira hupita mita 2,000. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na injini ya kawaida isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hivyo injini ya 1500cc inayotoa nguvu-farasi 109 mjini Mombasa hutoa karibu 90 tu ikifika Kisii.

Tofauti hiyo haionekani dereva akiwa peke yake. Huonekana pale watu wazima watano wanapoketi, buti ikajazwa ndizi na gunia la mahindi, na gari likaanza kupanda kilima. Injini ndogo hulazimika kuzunguka kwa kasi, hunywa mafuta kuliko ilivyotarajiwa na hupata joto upesi. Ndiyo maana injini ya 1800cc huweza kuwa chaguo bora kwa familia inayosafiri ikiwa imejaa, ilhali ile ya 1500cc inamtosha anayekwenda kazini na kurudi akiwa na mtu mmoja au wawili.

Kinachopanda sharti kishuke. Mteremko mrefu huchosha breki, na breki zilizopata moto hupoteza uwezo wa kushika. Mnunuzi akumbuke kuuliza iwapo gia za gari analolitaka zinamwezesha dereva kuteremka kwa gia ya chini, injini yenyewe ikilishikilia gari. Magari mengi ya gia zinazojibadilisha yana nafasi ya S, B au L kwenye rungu la gia kwa kazi hiyo, ingawa madereva wengi hawaitumii maishani.

Udongo na kimo cha gari

Barabara kuu za eneo hili zina lami. Ile ya kutoka Migori kwenda Ahero hupitia Suneka, mjini Kisii na Oyugis. Nyingine huelekea Keroka na Sotik, na nyingine Nyamira. Lakini makazi ya Gusii hayako kando ya lami pekee. Yametawanyika juu ya vilima na kando ya mabonde, na kipande cha mwisho cha safari huwa murram au udongo mtupu. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni.

Saluni nyingi huwa na nafasi ya kati ya milimita 130 na 160 kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya gari. Kipimo hicho huchukuliwa gari likiwa tupu. Likijaa watu na mizigo, springi hulala, na milimita kadhaa hupotea. Hapo ndipo tumbo la gari huanza kukwaruza matuta ya barabarani, na jiwe moja lililojificha kwenye nyasi za katikati ya njia laweza kutoboa chombo cha mafuta ya injini. Kinga ya chuma chini ya injini ni gharama ndogo ikilinganishwa na injini iliyokauka mafuta.

Baadhi ya mafundi huinua gari kwa kuweka vipande vya mpira au springi ndefu. Ongezeko dogo huweza kusaidia, lakini likipita kiasi huharibu mpangilio wa magurudumu, hula tairi upande mmoja na hulifanya gari liyumbe kwenye kona. Aliye na njia mbaya mno kufika kwake ni heri akubali kwamba saluni haimfai, kuliko kuigeuza ikawa kitu isichoundwa kuwa.

Kwa wanaoishi mbali kidogo na lami, gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne lina faida kwenye utelezi. Subaru Legacy B4 na baadhi ya Impreza G4 zina mfumo huo, na hata Premio ilikuwa na matoleo ya aina hiyo. Faida hiyo ina bei yake: mafuta zaidi, uzito zaidi na vipuri zaidi vya kutunzwa.

Premio na wenzake

Hakuna saluni iliyopata heshima mashambani nchini Kenya katika miaka ya karibuni kama Toyota Premio. Ilianza kuuzwa kwa jina hilo mwaka wa 2001, ikabadilishwa umbo mwaka wa 2007, na ikaachwa kuundwa Machi 2021 pamoja na ndugu yake, Allion. Sifa yake haikutokana na mwendo wa kasi. Ilitokana na vipuri kupatikana kila mji, mafundi kuifahamu, na wanunuzi kuwa tayari kuichukua mwenyewe anapotaka kuiuza.

Lakini si kila Premio ni sawa. Toleo la kwanza lilikuwa na injini ya 2000cc ya mfumo wa D4, ambao hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mafundi wengi huiogopa kwa sababu pampu na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu na ni ghali kubadilisha. Mnunuzi hana haja ya kutegemea maneno ya muuzaji kujua ana gari gani. Namba ya fremu husema yenyewe: katika toleo la pili, NZT260 ni injini ya 1500cc, ZRT260 ni 1800cc, ZRT261 ni 2000cc, na ZRT265 ni 1800cc ya magurudumu manne.

Toyota Corolla Axio ni ndogo kidogo, nyepesi na hula mafuta kwa kiasi. Nissan Sylphy ina nafasi kubwa ya miguu kwa wanaoketi nyuma, jambo ambalo wazee hulifurahia katika safari ndefu. Mazda Axela huendeshwa vizuri lakini viti vya nyuma hubana. Honda Grace, iliyouzwa Japani kutoka 2014 hadi 2020, na Axio ya haibridi, huokoa petroli nyingi mjini. Hata hivyo anayezitamani ahakikishe kwanza kuna fundi wa karibu mwenye mashine ya kupima betri yake kubwa, kwani hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko zote.

Mengi ya magari haya hutumia gia za CVT, ambazo badala ya meno zina mkanda na puli. Hudumu miaka mingi zikiwekwa mafuta yaliyoagizwa na mwenye kiwanda, na huharibika haraka zikiwekwa mafuta yoyote yaliyo karibu. Kabla ya kununua, mwenye busara hutembelea maduka mawili au matatu ya vipuri mjini Kisii na kuuliza bei ya breki, shoki, bushi na mafuta ya gia ya gari analolitazamia. Iwapo jibu ni kwamba kila kitu kitaagizwa Nairobi, hilo nalo ni jibu.

Jipya, la Japani au lililotumika hapa

Mnunuzi ana milango mitatu. Wa kwanza ni gari jipya kutoka kwa wauzaji rasmi. Huja na dhamana, historia yake haina siri, na benki hukubali kwa urahisi kulikopeshea. Kasoro yake ni bei, pamoja na ukweli kwamba thamani hushuka kwa kasi zaidi katika miaka ya kwanza, mzigo unaobebwa na mnunuzi wa kwanza.

Wa pili ni gari lililotumika ng'ambo, hasa Japani. Sheria za Kenya haziruhusu gari kuingizwa likiwa limepita miaka minane, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) huhesabu kutoka mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hesabu hiyo, mwaka wa 2026 ni magari yaliyosajiliwa kuanzia 2019 pekee yanayokubaliwa. Ina maana pia kwamba Premio zilizosajiliwa 2021 zitakoma kuingia mwaka wa 2028 utakapokwisha. Kadiri zinavyoadimika, wauzaji hupandisha bei, na mnunuzi hujikuta akilipia jina kuliko gari.

Ushuru nao huamua mengi. Mamlaka ya Ushuru (KRA) haitumii bei ambayo mnunuzi alilipa bali orodha yake yenyewe ya bei, kisha hupunguza kulingana na umri wa gari. Tuseme thamani iliyokadiriwa ni Sh1 milioni. Ushuru wa forodha, uliopandishwa mwaka wa 2023 hadi asilimia 35, utakuwa Sh350,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi 1500cc ni asilimia 20, hivyo Sh270,000. Kwa injini inayozidi hapo ni asilimia 25, nao hufika Sh337,500. Huongezwa VAT ya asilimia 16, ada ya kuagiza ya asilimia 2.5 na ada ya reli, iliyopandishwa mwishoni mwa 2024 hadi asilimia 2.

Jumla kwa gari la 1500cc huwa Sh924,200, na kwa la 1800cc Sh1,002,500. Kwa maneno mengine, ushuru hukaribia au hupita thamani yenyewe, na injini kubwa huongeza takriban Sh78,000 hata kama magari yote mawili yamekadiriwa sawa.

Mlango wa tatu ni gari ambalo tayari limetumika nchini. Hapa hakuna kungoja meli, na ushuru ulikwisha kulipwa. Herufi za namba ya usajili hutoa dokezo la umri wake barabarani Kenya: zinazoanza kwa KB zilianza kutolewa mwaka wa 2007, na zinazoanza kwa KD mwaka wa 2020. Lakini namba mpya haimaanishi gari jipya, kwani gari laweza kuwa lilitumika miaka saba Japani kabla ya kupewa namba hiyo. Mwaka wa kuundwa utazamwe kwenye kitabu cha umiliki.

Kulikagua kabla ya kulipenda

Kwa gari la kutoka Japani, mnunuzi adai karatasi ya mnada. Gari lililopewa alama 4 au 4.5 lilikuwa katika hali nzuri. Lenye R au RA liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Idadi ya kilomita iliyoandikwa hapo ilinganishwe na cheti cha ukaguzi kilichotolewa kabla ya gari kupakiwa melini, kisha na iliyo kwenye dashibodi. Tarakimu zikipishana, kuna aliyezirudisha nyuma.

Kwa gari lililotumika nchini, fundi anayelikagua awe wa mnunuzi, si rafiki wa muuzaji. Injini iwashwe ikiwa baridi, kwani iliyopashwa moto mapema huficha kelele na moshi. Moshi wa buluu ni dalili ya injini kula mafuta yake. Mkeka wa buti uinuliwe kutafuta kutu na mikunjo ya chuma. Tairi nazo zina tarehe: tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT huonyesha wiki na mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi kuukuu yenye vishungi vizuri bado ni tairi kuukuu.

Tahadhari maalumu ihitajike kwa gari lililowahi kubeba abiria wa nauli au majani chai. Viti vilivyolegea, milango ya nyuma inayoning'inia na springi za nyuma zilizochoka husimulia kazi ambayo muuzaji hataji.

Jambo dogo ambalo wengi hugundua wakiwa tayari barabarani ni redio. Redio za Japani huishia megahezi 90, au 95 katika magari ya karibuni, ilhali masafa ya Kenya hufika 108. Anayependa kusikiliza Egesa au Minto akielekea shambani atahitaji kifaa cha kubadilisha masafa.

Stakabadhi kabla ya fedha

Gari zuri lenye karatasi mbovu ni deni. Kabla ya kulipa hata shilingi ya kwanza, mnunuzi hutafuta rekodi ya gari kwa njia ya intaneti kupitia huduma za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) zilizo kwenye eCitizen. Rekodi hiyo humtaja mmiliki halisi, namba ya fremu na ya injini, na huonyesha iwapo benki au mkopeshaji ana haki juu ya gari. Magari mengi huwekwa rehani kwa mikopo ya haraka, na mnunuzi asiyechunguza huamka siku moja akakuta madalali langoni.

Malipo yapitie benki, na mapatano yaandikwe mbele ya wakili au mashahidi, yakitaja namba za vitambulisho vya pande zote. Sheria ya Trafiki hairuhusu gari liendelee kutumiwa zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa kabla mmiliki mpya hajasajiliwa. Muuzaji naye asipuuze hatua hiyo, maana mtu ambaye jina lake liko kwenye rekodi ndiye atakayetafutwa gari likisababisha ajali.

Gharama zinazofuata

Bima ya kuwakinga wengine ni lazima kisheria. Ile inayokinga hata gari lenyewe ni ghali, lakini kwa gari lililonunuliwa kwa mkopo ni vigumu kuikwepa. Ikumbukwe kwamba bima ya gari la kibinafsi haikusudiwi kwa abiria wanaolipa nauli. Mwenye gari anayejazia majirani hadi sokoni kwa malipo anahatarisha haki yake ya kufidiwa.

Petroli ndiyo gharama isiyolala. Mamlaka ya Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi. Familia inayosafiri kilomita 1,500 kwa mwezi itahitaji lita 125 ikiwa gari hukimbia kilomita 12 kwa lita, na lita 167 likikimbia kilomita 9. Tofauti ya lita 42 kila mwezi, ikizidishwa kwa miezi 12, ni zaidi ya lita 500. Hesabu hiyo ifanywe kwenye karatasi kabla ya safari ya kwenda yadi.

Kuna pia swali ambalo wenye haya hawapendi kuliuliza: je, ni lazima iwe saluni? Katika barabara za Gusii, Toyota Probox hubeba watu, ndizi na magunia mahali ambapo magari ya heshima zaidi hukwama. Familia inayoishi kwa kilimo, yenye mizigo kila wiki, huenda ikafaidika zaidi nayo, au na Fielder, iliyo nduguye Axio yenye nafasi ya mizigo nyuma. Saluni ni ya familia ambayo mizigo yake mikubwa ni watu.

Wahenga walisema rahisi ghali. Mnunuzi aliyetenga fedha zote kwa bei ya kununua hana akiba ya kubadilisha mafuta, breki na tairi katika miezi ya kwanza, na karibu kila gari lililotumika huhitaji matengenezo hayo. Ni heri gari la bei ya chini kidogo na akiba mkononi.

Muuzaji wa kweli hatakataa ombi moja la mwisho. Kabla ya kulipa, gari lipelekwe hadi nyumbani kwa mnunuzi, watu watano wakiwa ndani, ikiwezekana siku iliyofuata mvua. Likikwama hapo, hasara ni ya nusu siku na petroli kidogo.